Kidevu Kidogo: Tazama Pumzi Kabla ya Sura

Mtoto akizaliwa na kidevu kilichorudi nyuma, majirani hutazama sura na kuanza kunong'ona. Wewe achana nao, tazama pumzi. Taya la chini likiwa fupi, ulimi hukosa nafasi, ukarudi nyuma na kuziba koo, hasa mtoto akilala chali. Akikoroma, kifua kikibonyea anapovuta hewa, au akinyonya kidogo tu na kuchoka, usidhani ni mafua. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari Mfaransa, Pierre Robin, aliieleza hali hii mwaka wa 1923. Mara nyingi huandamana na kaakaa lililopasuka, kwa hivyo omba kinywa pia kikaguliwe. Watoto wengi husaidika kwa kulazwa kifudifudi chini ya macho ya wauguzi, hadi taya likue.

Lakini kuna wale ambao kiungo chenyewe, kile unachokihisi kikicheza mbele ya sikio unapotafuna, hakikuumbika. Hao huenda wakahitaji kutengenezewa kingine. Utauliza, mbona asiwekewe cha chuma yaishe? Haiishi, kwa sababu mtoto hukua na chuma hakikui. Ndiyo maana madaktari wengi hupendelea kuchukua kipande cha ubavu wa mtoto mwenyewe, pamoja na gegedu lake, na kukipachika hapo. Mbinu hii ina zaidi ya miaka 100. Ubavu huo huweza kukua pamoja naye, ingawa haupokei amri: mwingine hukua kupita kiasi, mwingine hukataa kabisa, na mtoto akarudishwa kwenye chumba cha upasuaji. Kiungo cha chuma kwa kawaida huachiwa waliokwisha kukua, au wale ambao ubavu umewashinda.

Baada ya upasuaji huja kazi yako. Mtoto hufanyishwa mazoezi ya kufungua kinywa kila siku, kwa miezi. Huuma, naye hulia. Mama akimhurumia na kuacha, kiungo huweza kukwama tena. (Baba naye ana mikono, asaidie.)

Wazazi hushangaa mtoto asiye na jino hata moja anapotumwa kwa madaktari wa meno. Usikatae, wapasuaji wa taya hutoka huko. Anzia kliniki ya karibu, iwe Kangemi au Dagoretti, upewe barua ya kukutuma Hospitali ya Kenyatta, au hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kando ya Barabara ya Argwings Kodhek. Wa Kawangware, matatu za 46 hupitia upande huo.

Na siku yoyote mtoto huyu atakapohitaji dawa ya usingizi, hata kama ni kwa ajili ya mkono uliovunjika, mwambie daktari mapema kwamba taya lake ni dogo. Kumpitishia mpira wa hewa kooni ni kazi ngumu, na daktari anahitaji kujiandaa kabla mtoto hajalala.