Kipupwe cha Kangemi Nacho ni Somo

Mwezi wa Julai mmoja tuliingia katika darasa dogo la mabati huko Kangemi, magharibi ya jiji la Nairobi, kando ya barabara ya Waiyaki. Ilikuwa yapata saa mbili za asubuhi. Mawingu yametanda, jua halionekani, na watoto wa darasa la pili wamejikunyata, mikono wameificha ndani ya sweta. Ukutani palibandikwa picha za majira manne ya mwaka. Ile ya baridi ilikuwa na miti isiyo majani na sanamu la mtu lililofinyangwa kwa theluji. Chini yake imeandikwa: Desemba.

Tulimwuliza mtoto mmoja, "Baridi huja mwezi gani, mwanangu?" Akaitazama picha, meno yakimgongana, akajibu, "Desemba."

Mwalimu hatumlaumu, hufundisha kwa alichonacho mkononi. Lakini mtoto yule amefunzwa jambo la hatari: kwamba ngozi yake mwenyewe yamdanganya, na picha ya nchi za watu ndiyo isemayo kweli.

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza, Kangemi na sisi ni wapi na wapi? Basi na ajue kwamba baridi ile yatoka kwetu. Mnamo tarehe 21 Juni jua hufika mwisho wa safari yake ya kaskazini, na kusi huwa imeshika nguvu. Ni kusi hiyo hiyo iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Uarabuni na Bara Hindi, na ambayo mpaka leo humzuia mvuvi kwenda maji makuu. Ikipanda bara huchukua unyevu wa bahari. Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, hufunikwa na mawingu kutwa, na alfajiri joto hushuka mpaka kiasi cha nyuzi 11.

Wazee wetu waliyapa majira haya majina: kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani, vuli. Nasi tuliosoma chuoni tulikutana na baridi mapema, katika Surat Quraysh, zinapotajwa safari za kipupwe na za kiangazi. Wafasiri wametueleza kuwa Makureshi wakienda Yemen wakati wa baridi na Sham wakati wa joto. Theluji haikutajwa, palitajwa safari, chakula na amani. Kila umma huyajua majira kwa maisha yake.

Twaonelea basi kipupwe cha Kangemi kiwe somo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika darasa za mwanzo mwaka 2019, wataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Na isimikwe fimbo ya mita moja uwanjani. Siku jua litakapotoka mwezi wa Juni, saa sita na nusu mchana, kivuli kitalala upande wa kusini, urefu wake karibu nusu mita. Desemba kitageuka kaskazini. Mtoto akikipima mwenyewe hatakisahau. Kitambaa kifungwe juu ya mti kionyeshe upepo watoka wapi. Kila mtoto amwulize mamake, kwa Kiluhya au Kikikuyu au lugha yoyote ya nyumbani, baridi hii yaitwaje, kisha majina hayo yaandikwe ubaoni pamoja na kipupwe.

Na liko somo jingine lisilongoja mtihani. Baridi ikizidi, watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Hewa ya makaa haionekani wala hainuki, nayo huua. Mtoto wa miaka minane aliyefunzwa hivyo shuleni aweza kumwambia babake, "Baba, tulitoe jiko nje kabla ya kulala," na nyumba nzima ikaamka salama.

Theluji ya Ulaya nayo ifundishwe, kwani elimu haina mwisho. Lakini itanguliwe na ya nyumbani. Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Nasi wa Pwani, wenye wana na wajukuu huko Nairobi, tusiyaache maneno haya yakafia vinywani mwetu. Mtoto wa Kangemi akiulizwa tena baridi huja lini, asiitazame picha ukutani. Achungulie dirishani, ajibu: "Ni sasa. Hiki ni kipupwe."