Kabla ya Kukabidhiana Funguo

Ndugu yangu unayeuza nyumba, na wewe unayejiandaa kununua, nina ombi kwenu. Kabla ya kuhesabiana fedha, ingieni ndani pamoja. Piteni chumba kwa chumba, fungueni stoo, zungukeni uani mpaka kwenye banda la kuku, na kwa kila mnachokiona mwulizane: hiki kinabaki au kinaondoka? Jibu liandikwe. Kazi hiyo haimalizi hata nusu siku, nayo inaepusha ugomvi ambao nimeuona ukifika hadi msibani, watu waliouziana nyumba kwa amani wakikaa pande mbili za turubai, hawataki hata kupeana mikono.

Tunaponunua nyumba huwa tunakagua mipaka vizuri. Tunaomba hati au leseni ya makazi, tunawauliza majirani kama eneo lina mgogoro, tunakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tunabishania hatua moja ya uchochoro kwa saa nzima. Vitu vilivyomo ndani hakuna anayevitaja. Muuzaji anajua moyoni mwake kwamba ameuza kuta, paa na kiwanja. Mnunuzi naye, siku aliyoletwa na dalali, aliona tangi la maji, feni za dari, kabati la jikoni na taa za varanda, akaikubali bei akiwa ameviweka vyote kichwani. Hakuna mwizi kati yao. Kila mmoja anaamini anadai haki yake, na ndiyo maana ugomvi wao huwa mgumu kuumaliza.

Nilishuhudia mmoja huko Tabata. Muuzaji alirudi Jumamosi asubuhi na fundi bomba na kirikuu, amefuata tangi la lita 2,000 lililokuwa juu ya stendi nyuma ya nyumba. Mnunuzi, mama muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku, bado amevaa sare. Alipofika uani alikuta fundi ameshafungua koki, maji yanamwagika, na watoto wa jirani wanakinga kwa ndoo.

"Mama, tangi hili nililinunua mwenyewe, risiti ninayo," akasema muuzaji.

"Baba, hata nyumba uliijenga mwenyewe, na ukaniuzia," akajibu mama.

Mwenyekiti wa mtaa alipofika aliomba aone mkataba. Ulikuwa ukurasa mmoja: majina, bei, mipaka ya pande nne, saini za mashahidi na mhuri. Tangi halikutajwa, wala pampu, wala kitu kingine chochote. Mwishowe muuzaji akaondoka na tangi, stendi ikabaki, na mama akaanza upya kutafuta fedha za tangi jingine ilhali alishamaliza akiba yake yote kwenye nyumba. Ukilinganisha bei ya tangi na bei ya nyumba, utasikitika kwamba kitu kidogo namna ile ndicho kilichowafanya watu wazima wawili wasisalimiane.

Sheria haijanyamaza kabisa kuhusu jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, hapa Tanzania Bara, inapoeleza maana ya ardhi inahesabu pia vitu vinavyoota juu yake kwa asili, pamoja na majengo na miundo iliyoshikizwa humo kwa kudumu. Milango, madirisha, grili, masinki na kabati lililojengewa ukutani, kwa akili ya kawaida ya sheria hiyo, huenda na nyumba isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kochi, friji na zulia huenda na mwenyewe. Vita iko katikati: tangi lililokaa juu ya stendi kwa uzito wake tu, pampu iliyokazwa kwa boliti nne, kiyoyozi, paneli za sola, dishi, fensi ya umeme. Hapo wakili mmoja atakuambia hivi na mwingine vile, na wote watakutoza. Kifungu cha 64 cha sheria hiyohiyo kinataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Kwa kuwa karatasi mnaiandika kwa vyovyote, kuongeza ukurasa mmoja wa vitu kunawagharimu nini?

Kuna tendo moja ambalo mimi siliiti kutoelewana. Ni pale muuzaji anapokubaliana bei na mtu aliyeiona nyumba ikiwa na milango ya mninga, kisha usiku anaing'oa na kuweka ya plaiwudi, au anafungua vitasa, swichi na masinki na kuacha nyaya zinaning'inia. Huyo amemdhulumu mwenzake. Mnunuzi alilipia alichokiona, na kama muuzaji alitaka kubaki na milango yake alipaswa kusema kabla bei haijatajwa.

Mambo ya miti yanataka busara zaidi, kwa sababu tumelelewa katika desturi tofauti. Visiwani na sehemu za pwani, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mtu hurithi minazi au mikarafuu iliyo katika shamba la mtu mwingine, na hakuna anayeshangaa. Mombasa kuna mitaa ambayo nyumba huuzwa bila ardhi tangu enzi za mababu. Sasa mzee aliyekulia katika desturi hiyo, akiuza nyumba yake Dar es Salaam kwa kijana aliyetoka Mwanza, anaweza kurudi msimu wa maembe na kapu lake kwa nia njema kabisa, naye kijana akamwona ni mvamizi. Neno moja kwenye mkataba kuhusu mwembe ule lingewaacha wote wawili na heshima zao.

Na makaburi. Katika vihamba vya Kilimanjaro na vibanja vya Kagera, wazee wamezikwa migombani, hatua chache kutoka mlangoni. Familia nyingi hazikubali kabisa ardhi ya namna hiyo iuzwe, lakini shida zikizidi huuzwa. Ukiuza mahali alipolala baba yako, andika kaburi liko wapi, nani atalifyeka, na kwamba ndugu wana ruhusa ya kuja kuzuru na kuomba dua. Nawe mnunuzi, usidhani umenunua haki ya kupitisha msingi wa ukuta juu ya kaburi. Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la kuvunjia heshima mahali pa maziko, na hata kama isingelitambua, hao ni wazazi wa watu.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni la vitu visivyo na bei. Nyumba nyingi katika miji yetu huuzwa baada ya mzazi kufariki. Msimamizi wa mirathi huwasilisha mahakamani orodha ya mali, na humo utakuta nyumba, shamba, labda gari na fedha za benki. Cherehani ya mama haimo. Wala kiti alichokalia baba kila jioni, msahafu wenye majina ya watoto waliozaliwa yakiwa yameandikwa ndani ya jalada, wala sanduku la bati lililo juu ya kabati. Ndugu wanagawana fedha na kutawanyika, kila mmoja akiamini mwingine amelibeba sanduku. Anayeishi Muscat au London anaambiwa kwa simu kwamba nyumba imeshauzwa, na jambo la kwanza analouliza ni picha za harusi ya wazazi.

Sanduku la namna hiyo lilimkuta mnunuzi mmoja Morogoro. Ndani mlikuwa na vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto wanne, barua zenye stempu za zamani na picha zilizogandana kwa unyevu. Alimpigia simu aliyemuuzia nyumba, na alistahili shukrani kwa hilo. Aliambiwa, "Nitakuja kulichukua." Akapiga tena baada ya mwezi, jibu likawa lilelile. Mvua za masika zikaja, stoo ikavuja, mafundi wakataka nafasi ya kuweka saruji, na sanduku likauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Karatasi zilichomwa pamoja na taka. Mtoto wa familia ile alipokuja kufuata cheti chake kwa ajili ya ajira alikuta jivu, akampeleka mnunuzi polisi. Kuthibitisha upya elimu yako baada ya cheti kupotea huanza na taarifa ya upotevu, na kutoka hapo safari ni ndefu. Nani alikosea? Nasema wote wawili, na aliyechelewa kuja alikosea zaidi. Ukiacha vitu vyako kwa watu na kusema "nitakuja" bila kutaja siku, umemwachia mwenzako mzigo usio na mwisho. Hata hivyo karatasi zile hazikuwa na uzito wa kushindwa kuwekwa kwenye mfuko na kupelekwa ofisi ya serikali ya mtaa.

Ndiyo maana naomba mkataba utaje siku. Siku 30 baada ya kukabidhiana funguo zinamtosha mtu wa kawaida, na anayeishi mbali aombe zaidi mapema, au amtaje ndugu wa kumchukulia vitu. Siku ikipita, mnunuzi ampigie simu na kumtumia ujumbe wa maandishi, amwite mjumbe au jirani ashuhudie vilivyopo, avipige picha. Godoro bovu na viti vilivyovunjika visimzuie mtu kuishi nyumbani kwake. Vyeti, picha, vitabu vya dini na kitu chochote chenye jina la marehemu vihifadhiwe kama amana, hata ikibidi kwa mwenyekiti, msikitini au kanisani, mpaka mwenyewe apatikane.

Wapo wanaosahaulika kabisa katika mauzo haya. Mpangaji wa chumba cha nje hajauza kitu. Kitanda chake na jiko lake havimo katika bei, na hastahili kuvikuta barazani. Mke pia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na siku hizi saini ya ridhaa inatafutwa kwa bidii. Lakini mama akitia saini nyumba iuzwe, hajasema kabati lake la vyombo liende nayo, vyombo alivyovikusanya kimoja kimoja kwa fedha za upatu. Aulizwe yeye mwenyewe, mbele ya mnunuzi.

Mita ya umeme ya LUKU nayo hubaki ukutani na madeni yake. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia umeme, kwa hiyo nyumba iliyokaa miezi bila kununuliwa umeme huweza kumsubiri mgeni na malimbikizo. Bili ya maji iko vivyo hivyo. Andikeni namba za mita na salio la siku ya makabidhiano.

Najua wengi watasema kuandikiana vijiko na feni ni kumtilia mtu shaka, hasa kama ni jirani, shemeji au mtu mnayesali naye safu moja. Nawaelewa, kwa sababu aibu hiyo tumeirithi kwa wema. Wahenga lakini walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeshughulika na kuandika madeni na kuweka mashahidi, na iliteremka kwa waumini waliokuwa wakiaminiana. Mnaopendana ndio hasa wa kuandikiana, maana mna cha kupoteza zaidi ya tangi.

Mkiacha mambo yaharibike, msitegemee njia ya mkato. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Msiposikilizana hapo mtajikuta Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama ya Mwanzo, kwa tarehe zinazoahirishwa na nauli zinazopita thamani ya pampu mnayogombania.

Wenyeviti wa mitaa na vijiji, nyinyi ndio mnaogonga mhuri. Ombeni kuuona ukurasa wa vitu kabla ya kuugonga, na kama haupo warudisheni wahusika nyumbani wakauandike. Madalali, mnajua kilichotangazwa na kilichoonyeshwa. Kiwekeni kwenye maandishi siku hiyohiyo. Mawakili, msingoje mteja aulize.

Na wewe ambaye hivi sasa una sanduku la aliyekuuzia nyumba, mpigie simu leo, shahidi akiwepo, umpe siku ya kulifuata. Wewe uliyeliacha, usiseme tena utakwenda. Nenda Jumamosi hii ukalichukue, na umshukuru aliyekutunzia.