Bandama Iliyovimba Ipimwe

Pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kutoka Kyela hata Matema, ina malaria; kwa hiyo mtu akivimba bandama watu husema upesi kuwa ni homa ya mbu, ama amelogwa. Mara nyingi malaria ndiyo sababu. Lakini ipo pia saratani ya damu iendayo polepole, ambayo huvimbisha bandama, hukondesha mwili na kuleta jasho la usiku. Mkulima wa mpunga au kokoa akitibiwa malaria miezi na miezi bila chembe za damu yake kuhesabiwa, anapotezewa wakati wa kuokolewa.

Katika milimita moja ya ujazo ya damu, mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe 4,000 hadi 11,000 hivi. Mgonjwa wa saratani hii aweza kupita 100,000. Zikizidi mno, damu hupita kwa shida katika ubongo na mapafu. Hapo madaktari waweza kutumia mashine iivutayo damu mshipani, ikaizungusha kwa kasi, ikaondoa chembe nyeupe na kumrudishia mgonjwa iliyobaki. Ni msaada mkubwa saa ya hatari, hata kwa mama mjamzito ambaye vidonge vyaweza kumdhuru mtoto wake. Walakini chembe hizo hutoka katika uboho wa mifupa, nao mashine haiugusi. Ni sawa na kuchota maji mtumbwini pasipo kuziba tundu.

Tundu lilipata kizibo mwaka 2001, Marekani ilipoidhinisha kidonge cha imatinibu. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imepata kuwapa wagonjwa dawa hiyo bila malipo kwa mpango wa msaada. Lakini dawa ya bure iliyo mbali si bure. Akosaye nauli huacha kumeza, na ugonjwa hurudi.

Basi hatudai mashine kwa kila wilaya. Twadai kwamba kila bandama iliyovimba isiyopona kwa dawa ya malaria ipimiwe damu, na kwamba vidonge vipatikane karibu na mgonjwa bila kukatika. Nanyi ndugu wafanyakazi, jirani akiitwa Mbeya au Dar es Salaam kutibiwa, mchangieni nauli kabla hamjalazimika kuchangia sanda.