Mfuatano wa Herufi si Mali ya Wanasayansi Peke Yao

Imekita mizizi miongoni mwetu, wanafunzi wa Kiswahili, dhana kwamba tarakilishi ni uwanja wa wenzetu wa sayansi, nasi letu ni fasihi, isimu na ushairi. Wenzetu nao huamini kwamba lugha haiwahusu maadamu wanashughulika na tarakimu. Makala haya yanapinga dhana zote mbili. Katika somo la utangulizi wa uandishi wa programu za kisayansi ipo mada ya mifuatano ya herufi, na mada hiyo haiwezi kufundishwa ipasavyo Kitui na Makueni bila mchango wa wajuzi wa lugha.

Mfuatano wa herufi ni nini? Ni herufi, tarakimu, nafasi na alama zilizopangwa moja baada ya nyingine, ambazo tarakilishi huzihifadhi kama maandishi wala si kama idadi. Katika lugha ya Python, ukiunganisha "10" na "5" zikiwa bado maandishi, utapata "105", si 15. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa kuiunganisha mifuatano, kuikata, kuipima urefu na kuilinganisha. Aghalabu mada hii hupitiwa mbiombio, kwa mifano ya Kiingereza, ili darasa liwahi kufikia hesabu zenyewe. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Tutazame kumbukumbu za mvua. Kitui na Makueni ni nchi ya ukame, na mkulima wa ndengu hutegemea misimu miwili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Tuseme mwanafunzi amepewa faili yenye vipimo vya mvua vya Makueni. Karani mmoja ameandika "Mtito Andei", mwingine "Mutito Andei", wa tatu "MTITO ANDEI" na nafasi tupu mwishoni. Kwa msomaji hapo ni mahali pamoja. Kwa tarakilishi ni vituo vitatu. Programu itaigawa mvua ya mji mmoja mara tatu, na jumla ya msimu itaonekana pungufu bila onyo lolote. Kuondoa nafasi tupu na kusawazisha herufi kubwa na ndogo ni kazi ya amri mbili tu. Lakini ni nani atakayemweleza mwanafunzi kwa nini jina moja lina "M" hapa na "Mu" pale? Ni yule anayejua kwamba jina hilo lina asili ya Kikamba, ambamo mũtĩtũ ni msitu, na kwamba Kiswahili kimezoea kuidondosha irabu ya kiambishi hicho.

Kikamba chenyewe kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu: ĩ na ũ. Neno mũndũ lina herufi tano. Likihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 huchukua baiti saba, kwa kuwa kila ũ huhitaji baiti mbili. Lugha ya programu inayohesabu baiti itasema neno lina urefu wa saba. Hata Python ya leo, inayohesabu vibambo vya Unicode, yaweza kujibu tano au saba kutegemea kama alama imeandikwa pamoja na herufi yake au imewekwa kando kama kibambo cha pili. Kwa jicho maneno hayo mawili ni sawa. Programu ikiyalinganisha bila kuyasawazisha kwanza, itakana kwamba ni sawa. Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2007 Guy De Pauw, Peter Waiganjo Wagacha na Gilles-Maurice de Schryver walichapisha utafiti kuhusu programu za kurejesha alama kama hizo katika maandishi yaliyokosa alama, na Kikamba kilikuwa miongoni mwa lugha walizozishughulikia.

Kiswahili nacho hakikusalimika. Andika 'ng'ombe' ndani ya alama za mkato mmoja, na Python itadhani mfuatano umeishia kwenye "ng", kisha ilalamike. Programu ikiyakata maneno kila ikutanapo na alama isiyo herufi, ng'ombe atachinjwa vipande viwili: "ng" na "ombe".

Fauka ya hayo, ushairi wetu ni hazina ya mazoezi ambayo haijaguswa. Mwambie mwanafunzi aandike programu ya kuhesabu mizani. Ataanza kwa kuhesabu irabu, na atafaulu katika "kitabu". Atashindwa katika "mtu", lenye irabu moja na mizani mbili. Atatunga kanuni kuhusu "m" inayotangulia konsonanti, kisha atakwama tena: katika "mtu mbaya", neno la pili lina mizani tatu, katika "nyumba mbaya", mizani mbili. Herufi ni zile zile, ngeli ndiyo tofauti. Hakuna programu itakayolitatua hilo kwa kutazama herufi pekee.

Yamkini wapo watakaosema kwamba amri za lugha za programu ni za Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili hakina nafasi. Jembe laweza kutoka ng'ambo, lakini shamba ni letu. Huko Helsinki, Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kuunda SALAMA, mfumo wa tarakilishi wa kuchanganua Kiswahili. Ikiwa lugha hii ilistahili kazi hiyo Ufini, itakosaje kustahili zoezi moja la mwaka wa kwanza Kwa Vonza, iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya?

Pendekezo langu ni dogo. Idara za Kiswahili na za tarakilishi katika vyuo vya Ukambani zitunge pamoja mazoezi ya mada hii: majina ya mahali, ng'ombe, mũndũ, mizani. Wanafunzi wa Kiswahili waruhusiwe kulisoma somo hilo la utangulizi, na wahadhiri wetu wakaribishwe kulifundisha kwa wiki moja. Mwanasayansi atapata data safi, nasi tutapata chombo cha kuichunguza lugha yetu wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.