Boti ya zimamoto si anasa kwa mfanyabiashara

Msomaji wa ukurasa huu kwa kawaida huanza na bei ya dola, akaenda kwenye bei ya mafuta, akamalizia na gharama za kutoa kontena bandarini. Wiki hii tunamwomba aangalie kitu kisichomo katika jedwali lolote la bei, nacho ni pampu ya kuzima moto iliyo majini.

Tuanzie Keko. Fundi samani wa hapa hutumia mbao za nchini, lakini bawaba, kufuli, vitambaa vya makochi na vanishi, sehemu kubwa huja kwa meli. Mara nyingi hana uwezo wa kujaza kontena peke yake, hivyo huchanga na wenzake. Tena, kutoka karakana yake hadi matangi ya mafuta ya Kurasini si mbali. Moto ukizuka bandarini unamtishia mara mbili: kwa mzigo wake na kwa ujirani.

Bandari ya Dar es Salaam ni lango la mafuta. Kuna gati la mafuta la Kurasini, kuna boya la Mjimwema ambako meli kubwa hushusha, na kuna bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 linalokwenda Ndola tangu mwaka 1968. Biashara hiyo inatulisha, lakini ina hatari yake.

Gari la zimamoto likimaliza tangi lake lazima litafute maji. Boti huchota bahari, tena hufika ubavu wa meli ambao gari halifikii. New York ililijua hilo mapema, ikapata boti yake yenyewe ya zimamoto mwaka 1875. Mwaka 1931 ikaunda John J. Harvey, yenye uwezo wa kumwaga zaidi ya lita 60,000 kwa dakika. Katika miaka ya 1990 boti hiyo ilistaafishwa ikauzwa kwa watu binafsi. Septemba 11, 2001 mabomba ya maji ya mjini yalipokatika, iliitwa tena ikasukuma maji kwa siku kadhaa. Kitu kilichokwisha kufutwa vitabuni ndicho kilichohitajika.

Bombay, bandari iliyofanya biashara na pwani yetu kwa karne nyingi, ililipa zaidi. Aprili 14, 1944 meli ya Fort Stikine ilishika moto gatini ikiwa na marobota ya pamba na baruti pamoja. Saa chache baadaye ililipuka. Mamia ya watu walikufa, wakiwamo wazima moto 66, na maghala ya wafanyabiashara yakateketea. Meli ikishawaka gatini, swali la nani aamue na nani aivute nje linatakiwa liwe limekwisha kujibiwa.

Wapo watakaosema boti ya namna hiyo hukaa bure mwaka mzima, na gharama yake itarudi kwetu kupitia tozo. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina jibu. Siku hizi bandari nyingi hazinunui boti ya zimamoto peke yake. Hufunga mizinga ya maji kwenye tagi, zile meli zinazovuta meli kubwa kuingia na kutoka. Tagi ya daraja la kwanza la kuzima moto hurusha meta za ujazo 2,400 kwa saa, sawa na lita 40,000 kwa dakika. Asubuhi inavuta meli ikiingiza fedha, na moto ukitokea inazima.

Gharama ya kutokuwa tayari ndiyo msomaji anayopaswa kuiogopa. Sheria ya zamani ya bahari inasema kwamba mali ikitolewa mhanga ili kuokoa meli na shehena, wote wenye mali ndani ya meli huchangia hasara. Machi 2018 meli ya makontena Maersk Honam iliungua katika Bahari ya Arabu, na mabaharia watano wakapoteza maisha. Wenye mizigo walitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani ya mzigo kwa ajili ya uokoaji, na asilimia 11.5 kwa ajili ya mchango wa hasara. Jumla ni asilimia 54. Mwenye mzigo wa shilingi milioni 10 bila bima angetafuta shilingi milioni 5.4 ili akabidhiwe bidhaa zake mwenyewe, ambazo hazikuungua.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila anayeagiza, hata kama ni robo ya kontena, adai bima ya shehena na asome kama inalipa mchango huo. Pili, tuandike ukweli kwenye nyaraka. Vanishi na betri zikiitwa "vifaa vya nyumbani" ili kupunguza gharama, mzima moto anapambana na adui asiyemjua. Julai 2021 kontena lililolipuka kwenye meli iliyokuwa Jebel Ali lilitikisa Dubai.

Tatu, vyama vyetu vya wafanyabiashara viulize rasmi. Tangu Oktoba 2023 DP World ilipotia saini mkataba wa gati 4 hadi 7, bandari ina waendeshaji zaidi ya mmoja. Mamlaka ya Bandari itangaze kila mwaka tagi ngapi zina mizinga, povu la kuzimia moto wa mafuta liko kiasi gani, zoezi la mwisho la pamoja lilifanyika lini, na moto ukizuka nani anatoa amri.

Waliokesha Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021 wakitazama soko likiungua hawahitaji kuelezwa thamani ya dakika moja. Tunalipa tozo za bandari kila mwezi. Tuna haki ya kujua kama pampu imo ndani yake.