Asali ya Kibondo Iliyokataa Kufunguka

Na Yohana Bukuru

Kikundi kimoja cha wafuga nyuki wa Kibondo kilinipa anwani ya tovuti yake mpya. Nikaifungua kwa simu nikiwa stendi ya Kasulu. Skrini nyeupe. Nikaongeza bando, nikasubiri, asali ikaanza kushuka mstari kwa mstari.

Nilipoichunguza, iliniuma. Mbunifu alikuwa amechora ukurasa mzuri kwenye kompyuta, na aliyeujenga akaukata mchoro ule vipande vipande, akavibandika kama vilivyo. Kichwa cha habari kilikuwa picha, bei picha, hata rangi ya manjano ya nyuma ilikuwa picha.

Miaka ya 1990 mafundi walilazimika kufanya hivyo. Lakini CSS, lugha ya kupanga sura ya kurasa, iliidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu Desemba 1996, na leo rangi, kona za mviringo na vivuli huandikwa nayo kwa maneno machache tu.

Fundi cherehani huangalia picha ya mshono ukutani, ila kitenge hukikata kwa kipimo cha mteja. Mchoro wa tovuti ndiyo ile picha ya ukutani. Kabla ya kushika mkasi, upitie mchoro wote. Maandishi yabaki maandishi, ili asiyeona asomewe na simu yake, na anayetafuta asali mtandaoni aikute. Ukishatoa hayo na yale ya CSS, picha zinazobaki ni chache: nembo, iwe faili la SVG maana haififii ikikuzwa; mizinga porini, iwe JPEG; na chupa ya asali iliyoondolewa usuli, iwe PNG au WebP.

Na vipimo, jamani! Picha ya mizinga ilikuwa na upana wa pikseli 3,600, imewekwa penye nafasi ya pikseli 360. Upana umezidi mara 10 na kimo mara 10, kwa hiyo simu inapakua pikseli mara 100 ya nafasi yenyewe, na bando analipa mkulima. Hata kwa skrini kali za simu mpya, upana wa 1,080 ungetosha kabisa.

Tuliijenga upya. Juzi bei ya asali ilipopanda, katibu wa kikundi aliibadilisha mwenyewe kwa simu yake, ameketi stendi ileile, akisubiri gari la Kibondo lijae.