Mtaro wa mtaani kwako ni kinga, utengewe fedha yake

Ukitaka kujua wodi zetu zitakuwaje wakati wa masika, usianzie hospitalini. Tembea hadi kwenye mtaro ulio karibu na nyumba yako, uchungulie. Ukikuta mchanga, chupa za plastiki na mifuko vimeujaza hadi ukingoni, jua kwamba maji ya mvua yatatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni uani kwako.

Mitaro tumezoea kuwaachia wahandisi. Mimi naizungumzia kama daktari, kwa sababu maji yaliyokosa njia hupitia chooni kabla ya kufika kisimani. Katika miji yetu nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo. Shimo likijaa maji, kinyesi hupanda na kusambaa. Wapo pia wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, kwa kuwa gari la majitaka ni ghali au halipiti uchochoroni. Hapo kipindupindu hupata mlango. Wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, Afrika Mashariki ilikumbwa na milipuko mikubwa ya ugonjwa huo, ambao unaweza kumuua mtu mwenye nguvu zake ndani ya saa chache asiporudishiwa maji mwilini.

Mvua ikikatika, zamu ni ya mbu. Maji machafu yaliyotuama mtaroni ni mazalia ya mbu aina ya kuleksi, anayeeneza matende na mabusha katika mwambao wetu. Mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyobaki kwenye matairi na makopo, na huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Dar es Salaam iliuonja ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019.

Sasa tuje kwenye fedha. Fedha za kujenga huwa zinapatikana. Kupitia mradi wa DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Dar es Salaam ilijengewa mitaro mikubwa, ukiwamo wa Mto Ng'ombe. Tatizo letu ni fedha za kusafisha. Mtaro mpya huzinduliwa kwa kukata utepe; kuzoa tope hakuna utepe, kwa hiyo hukosa fungu. Na pale unapozolewa, tope huachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza ikalirudisha lilikotoka. Hapo tumelipa vibarua bure.

Utaniambia halmashauri haina fedha. Lakini gharama hiyo tayari unailipa wewe: duka la dawa, nauli ya hospitali, siku za kazi zilizopotea, godoro lililolowa. Zaidi ya hayo, tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kila mwezi kupitia LUKU. Kwa maoni yangu, sehemu ya fedha hiyo itengwe rasmi kwa usafi wa mitaro na irudi katika mtaa ilikotoka. Kiasi kibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ili kila mkazi akisome. Kazi ifanyike mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, na tope liondolewe siku hiyo hiyo. Vijana wa mtaa walipwe kwa kazi hiyo, wapewe glavu na buti, maana mtaroni kuna vioo na kinyesi.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Halmashauri haiwezi kushindana na mtaa mzima unaotupa taka mtaroni usiku. Usijenge ukuta juu ya njia ya maji; unamsukumia jirani mafuriko. Toboa au funika matairi, mwaga maji ya makopo kila wiki, chemsha maji ya kunywa msimu wa mvua. Mtu akianza kuharisha kama maji, mpe maji ya ORS mara moja na mpeleke kituo cha afya bila kusubiri kesho.

Mkutano ujao wa mtaa, nenda na swali moja tu: mwaka huu mtaro wetu umetengewa shilingi ngapi? Usikubali kujibiwa kwamba suala hilo linashughulikiwa. Dai tarakimu.